Kaimu wa Ambakisye

Mtaa wa Antena una sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ukiona khanga ya kijani imeanikwa peke yake kwenye uzi, hata kama mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, usibishe hodi. Hata kama nyumba yako inaungua, nenda kagonge kwingine. Mwenye nyumba yuko kwenye saa yake.

Saa yenyewe ni hivi. Mtaa mzima waume wako juu mwezini wanachimba. Kampuni imempa kila mwenye ndoa saa moja kwa wiki ya kuwa na mwenzake, na ratiba imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya antena, majina ya wake wote ishirini na saba yamepangwa wazi, kila mpita njia anasoma. Siri hakuna. Nsubili saa yake ilikuwa Alhamisi, saa nne mpaka saa tano asubuhi. Akipita sokoni Jumatano tu, wauza ndizi wanamrukia: "Mama Tupo, kesho usisahau kuanika!" Anacheka nao. Afanyeje sasa?

Basi Alhamisi hiyo akaanika. Akafunga mlango, akashusha pazia, akasukuma cherehani pembeni, maana chumba cha kulala ndicho hicho hicho cha kushonea. Akavua gauni, akavaa shati.

Wanaliita shati ila si shati. Ni kitu chembamba kama ganda la kitunguu, kinaanzia shingoni mpaka magotini, mikono yake inafika hadi kwenye ncha za vidole, na ukikivaa asubuhi ya baridi unaruka. Pamoja nacho kuna mto mrefu wenye mikono miwili ya sponji. Ukiukumbatia mto wako, mwenzako kule anakumbatiwa. Akiupapasa mto wake, wewe huku unapapaswa. Ndiyo hivyo tu. Tatizo ni kwamba mwezi uko mbali. Ukimgusa mtu mgongoni, mguso unasafiri kwenda, na jibu lake linasafiri kurudi, jumla sekunde mbili na nusu hivi. Unaweza kuona ni kidogo. Hebu mbusu mtu, halafu subiri sekunde mbili na nusu ndiyo ujue kama amependa.

Nsubili alishazizoea. Kwa mwaka mmoja na miezi minne alijifunza kuzihesabu bila kuhesabu, akazipenda hata, maana ndani ya zile sekunde ndipo mumewe alipokuwa. Anasubiri, anasubiri, halafu Ambakisye huyo.

Leo hakusubiri chochote. Aliweka mkono kwenye shingo ya mto, na pumzi ya mume ikamjia sikioni hapo hapo. Laini. Tamu, hatukatai. Mkono wa kulia ukatoka begani, ukashuka mgongoni, ukazunguka kiunoni, ukaja mbele chini ya kitovu, ukapita.

Ukapita tu!

Nsubili akafumbua macho, akaitazama dari.

Chini ya kitovu chake pana kovu. Mwezi wa pili alifanyiwa oparesheni ya uvimbe, wakatoa kizazi chote. Kovu limelala, refu kama kiganja. Yeye ni fundi cherehani, akalikagua kwenye kioo kwa jicho la kazi: mshono mzuri, lakini nguo haiwezi kuwa ile ile tena. Wodini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akirudia kila jioni, "Sisi wenzangu tumeshafungwa duka." Nsubili alitoka hospitali na maneno hayo kichwani, akaamini kabisa kwamba mambo ya khanga ya kijani yameisha.

Halafu ikaja Alhamisi ya kwanza baada ya kupona. Mkono wa Ambakisye ulishuka, ukafika kwenye kovu, ukasimama. Ukatulia hapo hapo. Sauti ikaja sikioni: "Panauma?" Akajibu hapana. Zikapita sekunde mbili na nusu, halafu kiganja chote kikalala juu ya kovu, kikakaa. Hakikutafuta kitu kingine saa nzima. Nsubili alilia mpaka mto ukalowa, na tangu siku ile, kila Alhamisi mkono ukifika pale ulisimama kwanza, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Sasa hii ilikuwa Alhamisi ya sita mkono unapita bila hodi. Na ya sita mume haongei, anapumua tu. Alimwandikia ujumbe kumuuliza, akajibiwa: vumbi la huku limenikaba koo, mama, usijali.

Saa tano ilipofika, shati likapoa. Nsubili akaenda kuanua.

*

"Ni Kaimu huyo," Mama Lusekelo alisema, bila hata kuacha kuchambua maharage.

Mama Lusekelo ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mkubwa kidogo kwa Nsubili, mdomo hauna breki. Walikuwa wamekaa barazani kwake, ukungu umekaa juu ya migomba.

"Hawezi," Nsubili akasema.

"Hawezi nini? Mwanaume kachoka na shifti, anabonyeza kola mara tatu, shati linamkaimu. Wewe unapata haki yako, yeye anakoroma. Wa kwangu ni Kaimu tangu mwaka juzi."

"Na wewe unajua?"

"Nisijue kwa nini, taa ya kola si ipo? Kijani mwenyewe, nyeupe Kaimu." Akacheka. "Mwenzangu, Kaimu hanuki jasho, haulizi hela ya matumizi imekwenda wapi, na hachelewi. Mwenyewe akirudi nitamwambia akae kwanza benchi amwangalie mwenzake anavyofanya kazi."

Nsubili akacheka, alikuwa hajacheka wiki nzima. Halafu kicheko kikaishia njiani.

"Anapita juu ya kovu, dada."

Mama Lusekelo akaacha maharage. "Kaimu amejifunza lini?"

"Ile miezi mitatu kabla hajaondoka. Tulivaa kila siku."

"Basi kovu atalijulia wapi? Yeye anamjua Nsubili wa kabla." Akamtazama. "Sasa na wewe usianze kuchokonoa. Unataka nini, ukute hakuna mtu? Mimi nilishaamua sitaki kujua. Nalala vizuri."

Alivyosema hivyo hakumtazama Nsubili. Aliyatazama maharage.

Nsubili alimjua Kaimu vizuri kuliko alivyojifanya. Ule mwezi wa pili, akiwa amelala wodini na dripu mkononi, Alhamisi mbili zilimkuta huko. Hakutaka mumewe apate hofu, yuko mbali, atafanya nini? Akamficha tarehe ya oparesheni. Akamtuma binti yake Tupokigwe, aliyekuwa likizo kutoka bweni, alilaze shati juu ya mto na kubonyeza kola mara tatu. Kule juu Ambakisye akapata mke mzima, mwenye nguvu zake. Jioni ya Alhamisi ya pili ukaja ujumbe: "Leo umenimaliza, mama Tupo. Sijawahi." Aliusoma akiwa hawezi hata kukaa. Aliusoma mara nyingi. Mpaka leo hajui kama ule ujumbe ulikuwa wake.

*

Fundi wa antena anaitwa Mwaisaka, alisoma na Ambakisye darasa moja. Kibanda chake kina joto kwa sababu ya mitambo, kwa hiyo kuku wa mtaa wote wanalala mle.

"Shem, ya upande wa pili siruhusiwi kukwambia," alisema, akimfukuza kuku kwenye kiti. "Ila ya kwako si unaiona. Taa inasema nini?"

"Siioni."

"Imekufa?"

"Niliishonea."

Mwaisaka akageuka. "Umefanyaje?"

"Nilishonea kitambaa juu yake. Nilipotoka hospitali, nikizima taa ya chumba, ile ya kola inamulika kama ya wodini. Nikachukua kipande cha hariri, nikafunika. Nikashona kwa mkono, uzi mwembamba, shati halikuharibika."

Mwaisaka akalichukua shati, akapitisha kidole kwenye kola, hakuusikia mshono. Akatikisa kichwa. "Tukuyu nzima ni wewe tu ungeweza kufanya huu ujinga, na ungeweza kuufanya vizuri hivi."

"Nikitaka aje mwenyewe, nafanyaje shemeji?"

Hapo Mwaisaka akaacha utani. Akaeleza polepole, kama mtu anayeeleza dawa kali. Ukiishika kola bila kuachia, sekunde kumi, unakuwa umemwita mwenyewe. Shati la kule linamshtua alipo. Na Kaimu wake anafutwa. Hasimamishwi, anafutwa: ile miezi mitatu yote, kila namna alivyokushika, inaondoka na hairudi. Sheria iliwekwa hivyo kwa sababu kulikuwa na watu wanabaki na mikono ya wenzao ambao walishawakataa, au walishakufa, na kesi zikawa nyingi.

"Na asipokuja?"

"Asipokuja unabaki na shati."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Nsubili akalikunja shati mara nne, akalitia kwenye mfuko wa nguo za wateja.

"Shem," Mwaisaka akamwita akiwa mlangoni. "Wengi wakishaelewa hiyo ya kufutwa, hawaiti."

*

Wiki ile ilikuwa ndefu. Alishona sare za kwaya, akakosea shingo mbili, akafumua. Jioni alikula ugali akiwa amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kitanda chao ni cha futi sita, na tangu mume aondoke alikuwa analala ukingoni upande wake, sehemu ile nyingine ameiachia vitambaa vya watu. Kuna siku aliviondoa vyote akalala katikati. Hakupata usingizi, akavirudisha.

Alhamisi ikafika. Akaanika. Akafunga mlango. Kabla ya kuvaa akachukua wembe, akafumua ule mshono wa kola, uzi mmoja mmoja, mkono hautikisiki maana kazi ni kazi. Akavaa.

Saa nne kamili taa ikawaka. Nyeupe.

Alikuwa anajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na ile taa kukuwakia ni kingine.

Mkono wa Kaimu ukaja begani. Na hapa lazima niseme ukweli, ulikuwa mkono wa Ambakisye. Hakuna mwingine duniani anayeanza na bega la kushoto, halafu anakwaruza kidogo kwa kucha kwenye mfereji wa mgongo, kama anayetafuta zipu. Hivyo ndivyo alivyomfanyia jikoni, kabla ya safari, vitunguu vinaungua na hakuna anayejali. Ilikuwa yote mle ndani. Mwili wa Nsubili ukaitika, haukumuuliza. Akafikiri: niache. Nani ninamdhulumu? Mama Lusekelo analala vizuri.

Mkono ukazunguka kiuno, ukaja mbele, ukapita juu ya kovu kama panapitwa mahali pasipo na mtu.

Nsubili akaishika kola.

"Nisamehe," alisema, hajui anamwambia nani. Akahesabu mpaka kumi. Kwenye saba mkono ulikuwa umerudi begani, kwenye tisa ulikuwa unatafuta zipu. Kwenye kumi ukakatika katikati ya mgongo, kama wimbo umeme ukikatika.

Taa ikazima. Shati likapoa.

Dakika moja. Mbili. Alikaa kitandani ameukumbatia mto, na mto ukawa mto. Bati linapigwa na mvua. Dakika ya nne akaanza kufikiria maisha yake yote yaliyobaki, tena bila machozi, kwa mpangilio kabisa, akafika mpaka atakavyokuwa mzee.

Taa ikawaka kijani.

Kitu kikamgusa bega. Hakikuwa na umbo la mkono. Kidole gumba, kidole kimoja, na kando yake kitu butu, kigumu, kama ukingo wa meza. Kikaruka hapo hapo, kama kimejiunguza.

"Nsu." Ile sauti. Nzito, haina vumbi lolote kwenye koo.

"Amba. Nini hicho?"

Akasubiri. Moja, mbili, na nusu.

"Mkono."

"Umefanya nini mkono?"

"Mashine iliubana. Wiki ya saba hii. Vidole vitatu vimebaki huku chini, kwenye udongo wao. Wamenihamishia chumba cha kuongozea. Chombo cha kurudi ni mwezi wa kumi na moja."

"Na hukuniambia!"

Zile sekunde zilikuwa mbaya.

"Nilikwambia, Nsu. Niliwasha Kaimu. Nikasema Alhamisi ataona taa nyeupe, atauliza kulikoni, ataniita. Mimi mdomo ulikuwa hautamki. Hukuita. Ya pili hukuita. Ukaniandikia kuuliza sauti, ya taa hukuuliza. Nikasema basi, ameona, na amempenda yule mwenye vidole."

Wiki sita. Huyu mtu alikuwa amekaa kule juu, kwenye kitanda cha chuma, kila Alhamisi anasubiri kuitwa na mke wake.

"Taa niliishonea," akasema.

Moja, mbili, na nusu.

"Uli... nini?"

"Niliishonea kitambaa. Ilikuwa inanikumbusha wodini. Sikuwa naiona, Amba. Nimefumua leo."

Akasikia kitu ambacho kilikuwa kicheko na hakikuwa kicheko. "Mwanamke wewe na sindano zako."

"Ngoja, nina langu." Akalisema haraka kabla halijarudi ndani. "Alhamisi mbili za mwezi wa pili hukuwa na mimi. Nilikuwa hospitali. Ulikuwa na shati."

Safari hii hazikuwa sekunde mbili na nusu. Zilikuwa zaidi.

"Najua," Ambakisye akasema. "Taa yangu sikuishonea."

"Ukaniandikia nimekumaliza!"

"Ningeandika nini? Niliona nyeupe, nikajua kuna kitu kimekupata na hutaki nijue. Uliponiambia ya oparesheni nikahesabu siku. Mtu yuko kwenye dripu anahangaika nisilale peke yangu, nimwambie umenidanganya?" Akavuta pumzi. "Nikadhani ndivyo tunavyofanya sisi. Nikakuiga."

Mvua ikaongezeka. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano kasoro dakika tisa.

"Umevifuta vidole vyangu, Nsu," akasema, taratibu, hana hasira. "Vilikuwa humo tu. Wakati mwingine nikiwasha nilikuwa navaa na mimi, nasikiliza vinavyokwenda."

Nsubili akajikunja. Aliwaza ile kucha inayotafuta zipu. Yeye ndiye aliyeikata, kwa kidole chake mwenyewe, na mwenye mkono hawezi kuirudisha.

"Sikujua," akasema.

"Najua hukujua."

Saa tano kasoro dakika tano.

"Leta huo mkono," Nsubili akasema.

"Haupendezi."

"Leta."

"Nsu, sitaki kuonewa huruma."

"Siku ile uliposimama kwenye kovu langu, ulinionea huruma?"

Moja, mbili, na nusu.

"Hapana. Niliogopa kukuumiza."

"Basi leta mkono, muda unakwisha."

Ukaja. Ulianzia bega la kushoto, ukababaika, ukaanza upya. Haukuwa na ile kucha ya kukwaruza. Ulishuka mgongoni kwa ile sehemu butu, ukiegemea hapa, ukipotea pale, kama mtu anayejifunza nyumba mpya gizani. Ulikuwa mgeni kabisa. Nsubili aliona aibu, kama yuko na mtu asiyemjua, akabaki amekaza mwili. Ukazunguka kiuno. Ukaja mbele, chini ya kitovu, ukafika kwenye kovu.

Ukasimama.

Hapo ndipo alipomjua. Alihisi gumba limelala ncha moja ya kovu, kidole kimekaa ncha ya pili, na katikati vile vifundo vitatu vimetulia kwenye mshono wake, vinapiga mapigo.

Akautafuta mkono wa kulia wa mto, ule wa sponji, akauleta mdomoni. Akaubusu pale vidole vinapoanzia.

"Panauma?" akauliza.

Moja. Mbili.

Shati likapoa.

Saa tano kamili. Kampuni haiongezi hata sekunde, jina linalofuata kwenye ubao ni la mtu mwingine. Kule juu alishajibu, hakuna shaka, na jibu lilikuwa limeshatoka, linakuja zake, limefika karibu na mawingu ya Tukuyu likakuta mlango umefungwa.

"Mama Tupo!" Mama Lusekelo akaita nje, zamu ilikuwa yake. "Anua khanga yako, wenzio tunataka uzi!"

Nsubili alibaki amekaa katikati ya kitanda, amevaa shati lililopoa, mdomo kwenye sponji, anahesabu ile nusu iliyobaki, ambayo ingemaliza kuhesabika Alhamisi ijayo.